Ndoa Iliyofungua Ghala: Elizabeth wa Hungaria na Ludwig

SABATO ALASIRI

*Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili:* Mwa. 24:54–61, Mit. 31:10–31; Isa. 58:6–10, Mk. 7:9–13, Efe. 5:25–33; Kol. 2:20–23, 1 Tim. 5:4, 8, Yak. 1:27.

*Fungu la Kukariri:* Mithali 31:20.

Katika karne ya 13 watoto wa watawala wa Ulaya hawakujichagulia wenzi wa ndoa. Wazazi walipatana, na binti akapelekwa ugenini ili falme mbili zishikamane. Katika ndoa za namna hiyo upendo haukuhesabiwa. Ukitokea, ilikuwa bahati. Usipotokea, mapatano yaliendelea vile vile.

Elizabeth, binti wa mfalme wa Hungaria, alitolewa kwa njia hiyo akiwa mtoto mdogo sana. Aliishi miaka 24 tu, kuanzia mwaka 1207 hadi 1231. Leo anakumbukwa kwa kuwalisha maskini na kuwauguza wagonjwa, na kuna makanisa na hospitali nyingi duniani zenye jina lake. Lakini mara nyingi habari zake husimuliwa kana kwamba alitenda yote peke yake. Mumewe hutajwa kwa sentensi moja, na watoto wake watatu hawatajwi kabisa.

Muda mfupi baada ya kifo chake, wanawake wanne waliomtumikia walihojiwa, na maneno yao yakaandikwa. Wawili kati yao, Guda na Isentrud, walimjua tangu siku za ngome. Kwa sababu ya ushuhuda huo yanajulikana mambo ya nyumbani mwake ambayo kwa kawaida hayaandikwi: jinsi mume na mke walivyokaa mezani, walivyoamka usiku, na walivyoagana.

Juma hili lesoni inaifuata nyumba hiyo kuanzia arusi hadi ujane, na kuuliza jambo moja: je, kumpenda Mungu na kuwapenda watu wa nyumbani ni mizigo miwili inayovutana, au ni kazi moja?

JUMAPILI

Bibi Arusi wa Miaka Minne

Baba yake Elizabeth alikuwa Mfalme Andrew II wa Hungaria. Mama yake, Gertrude, alitoka katika ukoo mkubwa wa Kijerumani wa Andechs-Merania. Mwaka 1211, Elizabeth akiwa na umri wa miaka minne, wajumbe walimchukua na kumpeleka Thuringia, katikati ya Ujerumani. Huko alitazamiwa kuolewa na mwana wa Hermann I, mtawala wa nchi hiyo. Makao ya watawala hao yalikuwa katika ngome kadhaa, na iliyojulikana zaidi ni Wartburg, iliyojengwa juu ya mlima karibu na mji wa Eisenach.

Rebeka alipoondoka kwao kwenda kwa Isaka, aliulizwa kama yuko tayari kwenda (Mwa. 24:58). Elizabeth hakuulizwa. Alikua pamoja na watoto wa nyumba ile, akajifunza lugha yao na desturi zao, chini ya uangalizi wa Sophia, mke wa Hermann.

Mwaka 1213, alipokuwa na umri wa miaka sita, mama yake aliuawa huko Hungaria. Wakuu wa nchi walichukia jinsi ndugu zake Wajerumani walivyopewa vyeo na ardhi, wakamvamia mfalme alipokuwa vitani. Hivyo binti aliyekuwa ugenini akabaki bila mama, na thamani yake katika mapatano ya watawala ikaanza kutiliwa shaka.

Hermann I alikufa mwaka 1217, na mwanawe Ludwig akashika utawala. Baadhi ya watu wa nyumba ya utawala walishauri kwamba msichana huyo arudishwe kwao. Walimwona hafai: alipenda mno kusali, hakujali fahari, na aliwazoea watu wa chini. Wanawake waliomtumikia walisema kwamba siku hizo Ludwig alimfariji kwa siri, na hakukubali kumwacha.

Walioana mwaka 1221. Ludwig alikuwa na umri wa miaka 20, Elizabeth miaka 14. Kwa desturi ya watawala wa wakati ule umri huo haukushangaza mtu. Hata hivyo, hakuna uzuri wa baadaye unaoweza kuufanya mpango wa kumtoa mtoto mdogo kuwa jambo jema. Kilicho chema katika habari hii ni kwamba kijana aliyekuwa na nguvu zote za kumrudisha alichagua kusimama upande wake.

*Ni nani katika nyumba yako au katika kanisa lako ambaye ni mgeni na hana mtu wa kumtetea? Unaweza kufanya nini kwa ajili yake juma hili?*

JUMATATU

Kaka na Dada

*Soma Waefeso 5:25–33. Mume anaagizwa kumpenda mkewe kwa kipimo gani?*

Ludwig na Elizabeth waliitana kaka na dada. Katika nyumba za wakuu ilikuwa desturi wanawake wakae mbali na waume zao wakati wa kula, lakini Elizabeth aliketi kando ya mumewe. Ludwig aliposafiri, mkewe alivaa nguo za kawaida na kushinda katika sala. Aliposikia kwamba mumewe yu karibu kufika, alivaa mavazi mazuri. Aliwaeleza wanawake wake kwamba hafanyi hivyo kwa majivuno. Alitaka mumewe ampende yeye peke yake katika Bwana, asije akamtamani mwingine.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingeweza kuleta ugomvi. Elizabeth aliamka usiku kuomba, na nyakati nyingine akakaa muda mrefu akipiga magoti kwenye sakafu ya baridi. Ludwig alimsihi asiudhoofishe mwili wake, lakini hakumkataza. Watumishi waliotumwa kumwamsha waliagizwa kumvuta mguu taratibu ili mume asisumbuke. Usiku mmoja Isentrud alikosea gizani na kuuvuta mguu wa Ludwig. Ludwig akaamka, akaelewa kilichotokea, akanyamaza bila hasira.

Ni jambo dogo, lakini wanawake wale hawakulisahau. Mtawala wa nchi nzima aliamshwa usiku kwa ajili ya sala za mke wake, na hakumdai mtu yeyote maelezo.

Walipata watoto watatu. Hermann alizaliwa mwaka 1222, Sophie mwaka 1224, na Gertrude mwaka 1227. Kila baada ya kujifungua, Elizabeth hakwenda kanisani kwa msafara wa fahari kama wanawake wa cheo chake. Alivaa nguo ya sufi, akatembea bila viatu, akashuka njia ngumu ya mlimani huku amembeba mtoto mwenyewe. Aliporudi nyumbani, nguo ile alimpa mwanamke maskini.

*Je, mwenzi wako anapotaka kumtafuta Mungu, wewe ni msaada au ni kizuizi? Na wewe unapomtafuta Mungu, je, mwenzi wako anaonja baraka yake?*

JUMANNE

Chakula Hiki Kimetoka Wapi?

*Soma Isaya 58:6–10. Kufunga anakokupenda Mungu kunahusianaje na haki?*

Sadaka ni rahisi kwa mtu mwenye mali nyingi. Elizabeth alifika kwenye swali gumu zaidi. Mwaka 1226 alimchagua padri aitwaye Konrad wa Marburg awe mwongozi wake wa kiroho, na kwa ridhaa ya Ludwig akaahidi kumtii, isipokuwa katika mambo yaliyokuwa haki ya mumewe. Konrad alikuwa mtu mkali, na habari zake zitarudi siku ya Alhamisi. Lakini agizo moja alilompa liligusa mahali penye ukweli: asile kitu chochote ambacho hana hakika kimepatikana kwa haki.

Meza za watawala zilijazwa na mali za wakulima. Mengine yalikuwa mazao ya mashamba ya mtawala mwenyewe. Mengine yalinyang'anywa kwa ushuru wa kupita kiasi na kwa mikono ya maofisa wasio na huruma. Elizabeth alianza kuuliza mezani: nyama hii imetoka wapi? Divai hii ni ya shamba gani? Ikiwa chakula ni halali na kinywaji si halali, alikula na hakunywa. Ikiwa kinywaji ni halali na chakula si halali, alikunywa na hakula. Vyote viwili visipokuwa halali, aliketi na njaa katikati ya karamu, akimega mkate na kuusogeza huku na huku ili wageni wasigundue. Wanawake wake waliokula pamoja naye walijifunza kufanya hivyo hivyo. Siku ambazo vyote vilikuwa halali, alifurahi na kuwaambia kwamba leo watakula na kunywa.

Wakubwa wa nyumba ile walikasirika. Kila sahani aliyoiacha ilikuwa shitaka dhidi yao, na dhidi ya Ludwig pia, maana nchi ilikuwa yake. Lakini Ludwig hakujitetea. Alimwarifu mkewe kwa upole ni vyakula vipi vilivyokuwa salama kwake. Aliungama kwamba yeye mwenyewe angependa kufanya vivyo hivyo, kama asingeogopa maneno ya watu wa nyumbani mwake.

Katika ungamo hilo kuna upendo na kuna udhaifu. Ludwig aliona haki, akamwachia mkewe aifuate, lakini yeye mwenyewe hakuwa na ujasiri wa kuifuata wazi wazi.

*Je, umewahi kuuliza jinsi pesa na chakula cha nyumbani mwako vinavyopatikana? Kuna mtu yeyote anayeumia ili meza yako ijae?*

JUMATANO

Mwaka wa Njaa

*Soma Mithali 31:10–31. Mume wa mwanamke huyu anatajwa katika mistari ipi, nayo inasema nini juu yake?*

Mwaka 1226 njaa kali iliikumba Thuringia. Ludwig alikuwa mbali, Italia, kwa shughuli za Kaisari Frederick II, na nyumba ilikuwa mikononi mwa mkewe mwenye umri wa miaka 19. Elizabeth aliamuru maghala ya utawala yafunguliwe. Nafaka iligawiwa kila siku kwa kiasi cha kutosha siku hiyo, ili wengi zaidi wafikiwe.

Chini ya ngome alitayarisha nyumba kubwa kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kupanda mlima. Alishuka kuwatazama asubuhi na jioni. Aliwalisha kwa mkono wake, akawatengenezea vitanda, na hakuikimbia harufu iliyowafukuza wengine. Katika nyumba hiyo alikusanya pia watoto maskini na wagonjwa. Alipoingia, walimkimbilia wakimwita mama.

Mavuno yalipokaribia, hakuendelea kugawa chakula tu. Wale wenye nguvu aliwapa mashati, viatu ili miguu yao isichomwe na mabua, na mundu wa kuvunia. Wakaenda shambani na kujipatia chakula chao kwa kazi yao wenyewe.

Ludwig aliporudi, maofisa wake walimpokea kwa mashitaka. Walilalamika kwamba mkewe ametapanya mali ya nchi. Husimuliwa kwamba aliwajibu wamwache atende mema, mradi ngome zake za Wartburg na Neuenburg zimebaki. Waliotazamia kumwona akimkaripia mkewe mbele yao walirudi na aibu.

Wengi wamesikia kisa kingine, kwamba Elizabeth alikutwa njiani amebeba mikate chini ya vazi lake, na alipolifunua ikaonekana mikate imegeuka kuwa maua ya waridi. Kisa hicho hakimo katika ushuhuda wa wanawake waliomtumikia. Kilizuka baadaye, na kilisimuliwa pia juu ya watu wengine. Katika masimulizi mengine, anayemkuta njiani na kumtilia shaka ni mumewe. Ushuhuda wa watu wa nyumbani unaonyesha mume wa namna nyingine. Mke huyu hakuhitaji kumficha mumewe mikate.

*Je, wewe na mwenzi wako mmewahi kupanga pamoja mtakachowapa wahitaji? Ni kitu gani kinazuia mazungumzo hayo?*

ALHAMISI

Mjane na Wanawe

*Soma Yakobo 1:27, Marko 7:9–13, na 1 Timotheo 5:4, 8. Maandiko yanaunganishaje ibada ya kweli na wajibu kwa jamaa?*

Mwaka 1227 Ludwig alijiunga na vita vya msalaba vya Kaisari Frederick II. Elizabeth alikuwa mjamzito. Husimuliwa kwamba mumewe aliificha alama ya msalaba aliyopewa, ili asimhuzunishe, mpaka siku mkewe alipoikuta katika mkoba wake. Alimsindikiza, na kila walipotaka kuagana akashindwa kurudi, akaendelea naye mbele zaidi. Ludwig hakufika mbali. Tarehe 11 Septemba 1227 alikufa kwa homa katika bandari ya Otranto, Italia. Siku 18 baadaye Gertrude alizaliwa. Habari za kifo zilipofika, Elizabeth alilia kwamba kwake dunia nayo imekufa, pamoja na furaha zake zote.

Utawala ulishikwa na shemeji yake, Heinrich Raspe, kwa niaba ya mtoto Hermann. Majira ya baridi ya mwaka huo Elizabeth aliondoka Wartburg, akiwa amenyimwa mali ya ujane iliyokuwa haki yake. Usiku wa kwanza alilala Eisenach katika kibanda kilichowahi kuwa zizi la nguruwe. Watoto wake waliletwa kwake katika baridi ile. Watu wa mjini, ambao aliwalisha wakati wa njaa, waliogopa kumpokea. Mwishowe aliwapeleka watoto sehemu mbalimbali ili wapate chakula.

Mjomba wake Eckbert, askofu wa Bamberg, alimchukua na kutaka kumwoza tena. Alikataa, akasema afadhali aikate pua yake mwenyewe ili asitamaniwe na mwanamume. Mwaka 1228 mifupa ya Ludwig ililetwa Bamberg. Mbele yake Elizabeth aliomba. Alisema angependa kuwa na mumewe kuliko ulimwengu wote, hata kama wangeishi kwa kuombaomba. Lakini kinyume cha mapenzi ya Mungu hangelipa hata unywele mmoja ili kumrudisha.

Mapatano yalipofanyika, alipewa marki 2,000 za fedha na ardhi huko Marburg. Siku moja aligawa marki 500 kwa maskini. Alijenga hospitali, akavaa nguo ya kijivu, akasokota sufi ili apate ujira.

Lakini sasa Ludwig hakuwepo, na mahali pa sauti yake palikaliwa na sauti ya Konrad peke yake. Konrad alimpiga kwa fimbo. Aliwaondoa Guda na Isentrud, rafiki zake tangu ujana, na kumwekea wanawake wakali waliopeleleza makosa yake. Gertrude, akiwa bado mtoto mchanga, alipelekwa kulelewa katika nyumba ya watawa ya Altenberg. Elizabeth aliwaambia wanawake wake kwamba alimwomba Mungu amwondolee upendo uliopita kiasi kwa watoto wake, na kwamba amejibiwa.

Hapo msomaji lazima asimame. Katika nyumba ya Ludwig, Elizabeth alimpenda Mungu akimshika mumewe mkono. Katika mikono ya Konrad, alifundishwa kwamba kila mshikamano wa damu ni kikwazo. Alitii kwa moyo mnyofu, na huruma yake kwa wagonjwa haikupoa. Lakini Paulo alionya juu ya ukali wa kuutesa mwili unaoonekana kuwa hekima (Kol. 2:23), na Yesu aliwakemea waliotumia sadaka kuwa sababu ya kuwaacha wazazi wao. Wajibu huo haukomi kwa wazazi; unawafikia watoto pia.

*Utajuaje kama anayekuongoza kiroho anakupeleka karibu na Mungu au anakutenga tu na wanaokupenda?*

IJUMAA

Jifunzo Zaidi

Elizabeth alikufa Marburg usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba 1231. Konrad, aliyekuwa pia mwindaji wa watu walioitwa wazushi, aliuawa mwaka 1233 baada ya kuwashitaki hata wakuu. Mwaka 1235 Papa Gregory IX alimtangaza Elizabeth kuwa mtakatifu, na mahujaji wakaanza kumiminika kwenye kaburi lake.

Watoto wake walikwenda njia tatu. Hermann alikufa mwaka 1241, akiwa bado kijana. Gertrude alikua akawa mkuu wa nyumba ile ile ya Altenberg, akaiongoza kwa karibu miaka 50 hadi kifo chake mwaka 1297. Sophie aliolewa na mtawala wa Brabant; akiwa mjane, alipigania kwa miaka mingi urithi wa mwanawe mdogo, hata akampatia nchi ya Hesse. Mama alikuwa amenyang'anywa haki ya ujane. Binti hakukubali yamkute vile vile.

Miaka karibu 300 baada ya Elizabeth kuondoka Wartburg, Martin Luther alifichwa katika ngome hiyo hiyo. Mwaka 1521 na 1522 alilitafsiri humo Agano Jipya kwa Kijerumani. Na mwaka 1539 Philip wa Hesse, mtawala aliyeunga mkono Matengenezo, aliamuru mifupa ya Elizabeth iondolewe katika kanisa la Marburg ili hija zikome. Philip alikuwa mzao wa Elizabeth kupitia Sophie. Mifupa iliondolewa, lakini ushuhuda wa wale wanawake wanne ulikuwa umekwisha kuandikwa. Humo bado Elizabeth anauliza chakula kimetoka wapi, na Ludwig, ameamshwa usiku wa manane, ananyamaza.

Maswali ya Kujadili:

1. Ludwig hakuwa na ari ile ile ya mkewe, lakini alimlinda. Katika kikundi chenu, jadilini jinsi mtu anavyoweza kushiriki huduma ya mwenzi wake hata kama yeye hana karama hiyo.

2. Elizabeth alitoa nafaka, kisha akatoa mundu. Je, huduma za kanisa lenu kwa wahitaji zinafikia hatua ya pili?

3. Watu wa Eisenach walimwogopa Heinrich Raspe, wakamfungia mlango mjane aliyewalisha. Ni wajane gani katika eneo lenu wananyang'anywa mali baada ya msiba, na kanisa linaweza kusimama nao kwa njia gani?

4. Je, inawezekana mtu awe mama wa watoto wa wengine huku wa kwake wakimkosa? Mtu anayejitoa sana katika kazi ya Mungu anawezaje kujipima katika jambo hili?